Aende Kwanza Kilabu

Hapa soko la Ngokolo wananijua kwa vitu viwili, dagaa na mdomo. Dagaa wangu hawana mchanga, na mdomo wangu hauna breki. Jina ni Esta, lakini ulizia Mama Kabula, kila mtu atakuonyesha nilipo. Akija mteja wa kuchaguachagua na kunusanusa bila kununua, namtolea uvivu hapo hapo, na wenzangu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nimezoea kuchekewa. Zamani nilikuwa naona ni sifa.

Ninayetaka kusimulia habari zake ni mume wangu, Jilala. Watu wanaomwona siku hizi anapita na fimbo yake wanadhani ndivyo alivyozaliwa. Sivyo. Nami nikifika pale pabaya sitaparuka, maana aliyekosea pale ni mimi.

Jilala ni mtu wa huko Songwa. Alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka akawa na ndevu, kisha akapata kazi kwenye mgodi wa almasi, kwenye mashine ya kuoshea mchanga. Mwaka sitini na sita akaja kwetu kuposa. Wenzake walikuwa wanaingia uani kwa watu kwa mbwembwe, wanakohoa, wanapiga soga. Huyu alifika saa sita mchana akasimama nje ya ua wa minyaa, kofia mkononi, kimya. Mbwa wakambwekea wakachoka. Mama akachungulia, akarudi kusonga ugali, akachungulia tena, mtu bado yuko pale pale juani. Mwishowe akamwambia, "Njoo ndani, baba, utaanguka na jua." Ndipo akaingia.

Hivyo ndivyo alivyo. Hata nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe hakuingia mpaka aitwe. Akitoka zamu anasimama mlangoni anasubiri, mimi nasema, "Njoo basi, unamngoja nani?" Anatabasamu, anaingia. Siku ya mshahara alikuja na mkate wa duka ameufunga ndani ya shati ili usiingie vumbi. Sijapata kusikia tusi kinywani mwake. Miaka minane ya kwanza nilikula raha, jamani, lazima niseme ukweli.

Pombe ilianzaje? Wengine wana msiba wa kusingizia, sisi hatuna. Alianza kwa kukaa na wenzake baada ya zamu, kata moja, kata mbili. Baadaye wenzake wakawa wanaondoka yeye anabaki. Mwaka sabini na sita walimkuta amelala kando ya mashine inayozunguka, wakamwachisha kazi. Tukahamia mjini, hapa Ngokolo. Yeye akawa anafyatua matofali, mimi nikaanza dagaa. Alipokuwa na nguvu alikunywa wanzuki, pombe ya asali, na alipozidiwa akahamia kwenye gongo.

Na mimi nikaja juu. Kila alipofika mlangoni akisimama akisubiri kuitwa, nilimwambia, "Nenda kilabu! Huko ndiko kwenu!" Kila siku, miaka sita. Nililisema sana mpaka watoto wa jirani walipocheza baba na mama, yule wa kike akishaweka kifuu chake jikoni alishika kiuno na kupiga kelele, "Nenda kilabu!" Mtaa mzima ulicheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Mwaka themanini na mbili binti yetu Kabula alipata kipaimara. Jilala alikuja kanisani amelewa. Hakufanya fujo, hapana, alisimama tu katikati ya njia, mbele ya watu wote, akamwita mtoto kwa jina huku analia. Kabula aliinamisha kichwa mpaka kitambaa chake cheupe kikaanguka. Niliporudi nyumbani nilitia nguo zake kwenye gunia nikalitupa uani. Alilichukua. Kisha akasimama pale uani muda mrefu, nami nilimwona kupitia ufa wa mlango. Nilijua kabisa anangoja nini. Sikulitoa neno hilo. Alipochoka kusimama akaenda zake, na baada ya wiki nikasikia yuko machimboni, upande wa Bulyanhulu, anachimba dhahabu.

Sasa, jirani yangu hapa ni Mwahija, mwanamke wa Kiislamu, watu wao walitoka pwani zamani za reli. Yeye alikuwa na kaka yake, Maulidi, mlevi wa kujificha. Akitembea anayumba, ukimuuliza anasema amekunywa dawa ya kifua. Siku moja nikamwona Maulidi kanzu nyeupe, macho meupe, ananiamkia kama mtu. Nikamfuata Mwahija jikoni kwake. "Kaka yako mmempa nini?"

"Hatujampa kitu. Anakwenda kilabu."

"Kilabu! Wewe Mwahija, usinichezee."

"Si hicho unachokijua wewe, mwenzangu! Kilabu cha mzee Herman. Wanakutana watu waliokuwa walevi, wanazungumza, wanasaidiana. Jumamosi saa tisa, upande wa reli huko. Mahali penyewe sipajui, kaka hataki nimfuate."

Jumamosi hiyo nilifunika dagaa wangu, nikajifunga kanga, nikaenda. Niliyemkuta wa kwanza alikuwa fundi baiskeli. "Samahani, baba, kilabu cha mzee Herman kiko wapi?" Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mama, hata wewe umeshaanza?" Nikampita. Mbele nikamuuliza mama mmoja anamenya mihogo. Akasema, "Vilabu hapa viko vitatu. Unataka cha mtama au cha wanzuki?" Wa tatu alikuwa mtu mwema kupita kiasi, alinishika mkono akanipeleka mpaka ndani, na kabla sijafumbua mdomo mpika pombe ameshanikung'utia kiti na kunijazia kata.

Nikasema kwa sauti, "Mimi natafuta watu wasiokunywa pombe!"

Mzee mmoja pembeni akajibu taratibu, "Hao, binti yangu, wako makaburini."

Walicheka mpaka wengine wakamwaga pombe zao. Nami nikawapa zao, nikaanza na yule mzee, nikamalizia na mpika pombe, nikatoka. Nilishakata tamaa nikawa narudi, nikipita nyuma ya ghala la pamba, nikaona banda la mabati. Ndani wanaume kama tisa wamekaa duara, katikati chungu kikubwa, kata inazunguka mkono kwa mkono. Na nani nimemwona ameishika? Maulidi, na kanzu yake nyeupe.

Ala! Niliingia kwa kelele. "Nyie mbwa! Mnadanganya dada za watu mmeacha, kumbe mnajificha nyuma ya maghala!" Niliyasema mengi, mengine siwezi kuyarudia. Mzee mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akachota kata, akanipa. "Onja kwanza, mama. Ukishaonja ututukane."

Ilikuwa chai ya tangawizi.

Sijawahi kuona haya kama siku ile. Yule ndiye mzee Herman. Alikuwa karani wa stesheni ya reli kabla pombe haijamtoa kazini, na sasa ana miaka saba hajaigusa. Akanikalisha. Nikamuuliza, sasa kwa adabu, kwa nini wamejiita kilabu, mimi nusura nipigane na mji mzima kwa sababu ya jina hilo. Akacheka.

"Mwanamume akiaga nyumbani kwamba anakwenda kwenye mkutano wa walevi, mama, atafika? Ataona haya, ataishia njiani. Lakini akisema naenda kilabu, hakuna wa kumuuliza. Marafiki zake hawamcheki. Ndiyo maana hata chai tunainywa kwa kata, mikono imezoea."

Kazi yao ilikuwa ndogo tu. Kila mmoja alitaja siku zake bila pombe. Maulidi alisema, "Mia na kumi na mbili," wote wakaitikia, "Eee!" Mwingine akasema, "Moja," kwa sauti ndogo, na huyo ndiye aliyeitikiwa kwa nguvu kuliko wote. Kisha mwenye la kusema alisema. Nilimweleza mzee Herman habari za Jilala, akanisikiliza. "Hatumwandikishi mtu kwa maneno ya mkewe. Mwite aje mwenyewe, tutamkalisha hapa."

Tangu hapo nikawa naenda kila Jumamosi. Wakati ule sukari ilikuwa ya foleni, kwa hiyo kila mmoja alikuja na kijiko chake cha sukari amekifunga kwenye karatasi, na mimi nikawa ndiye mpika chai wao. Nilikuwa nawasikiliza nikijifunza mume wangu alikuwa anapigana na nini wakati mimi napiga kelele mlangoni. Baada ya mwezi mmoja neno kilabu kinywani mwangu lilishabadilika kabisa. Nikisema "kesho kilabu," mimi naona banda la mabati, chungu cha chai, Maulidi na siku zake. Nilisahau kwamba dunia nzima bado inaona kitu kingine. Hapo ndipo shetani alipokaa.

Mwezi wa saba mwaka themanini na nne alikuja Sabiti. Huyu ni dereva wa lori, alikuwa ananunua dagaa kwangu anapeleka machimboni. Alinikuta mezani kwangu, asubuhi, wateja wamejaa, wauza dagaa wenzangu kulia na kushoto. Akanivuta kidogo, lakini Sabiti naye sauti yake ni ya kushindana na injini.

"Shemeji, Jilala anakusalimu sana. Ana mwezi na nusu hajagusa pombe. Ameacha mwenyewe, walahi, nimeona kwa macho yangu. Anakuuliza kama anaweza kurudi nyumbani."

Mwezi na nusu! Peke yake, kule, na gongo inauzwa kila shimo! Nilitaka kuketi chini nilie. Lakini wenzangu wameshakodoa macho, wananitazama Mama Kabula atajibu nini, na mimi sikuwa najua kuwa laini mbele za watu. Nikawaza haraka haraka: peke yake hataweza, atafika hapa siku tatu atarudia. Apitie kwa mzee Herman. Jumamosi ni keshokutwa, ashukie pale pale kwa wenzake, kisha nitamchukua nimlete nyumbani. Yote hayo niliyawaza vizuri kabisa. Yaliyotoka mdomoni yalikuwa maneno manne.

"Mwambie aende kwanza kilabu."

Wanawake walilipuka kwa kicheko. Sabiti naye akacheka, akapiga kofi bodi ya lori. "Shemeji, wewe huna dogo!" Mimi nikacheka pia. Nilicheka kwa furaha, jamani! Nilikuwa nimefurahi, mume wangu anarudi! Mteja akaniita, nikageuka kumpimia, na lori likaondoka.

Nyumbani nina kalamu. Nina daftari. Nilisoma elimu ya watu wazima mpaka nikapata cheti, kiko ukutani. Ningeweza kuandika. Hilo nalifikiria kila siku ya Mungu.

Jumamosi niliwasimulia kilabuni huku nachota chai. Wote wakafurahi, mzee Herman akamsogezea Jilala nafasi kwenye benchi. Maulidi peke yake akauliza polepole, "Mama Kabula, ulimwambia aje kilabu, au aende kilabu?"

Kata ilinitoka mkononi.

Nilikimbia mpaka stesheni, mpaka kituo cha malori, hakuna Sabiti. Nikarudi nyumbani nikaandika barua nikiwa nimesimama, nikampa dereva mwingine anayeelekea huko. Dizeli ilikuwa ya shida siku zile, na lori lake lilikaa Kahama siku sita.

Mengine nilisimuliwa na Sabiti mwenyewe, analia. Alipomfikishia ujumbe, Jilala alimuuliza, "Amesema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Alikuwa amekasirika?"

Na Sabiti, kwa kuwa si mwongo, akamjibu, "Hapana. Alikuwa anacheka."

Jilala akasema, "Basi." Akaenda akaoga. Akavaa shati safi, lile aliloliweka kwa ajili ya safari ya kurudi nyumbani, akaenda kilabu. Nilimtuma, akaenda. Gongo ya siku ile sijui ilikuwa imetiwa nini. Wawili walioketi naye walikufa. Yeye aliamka kesho yake akawa anawauliza wenzake mbona hakuchi, na wenzake wamekaa juani wanakunywa uji.

Hospitali walisema macho hayatarudi. Mwezi wa tisa Sabiti alimleta. Nilikuwa napepeta dagaa uani nikasikia lori linazima, kisha kimya. Nikainua macho, Jilala amesimama nje ya ua, kofia mkononi. Hakujua kama nipo, hakujua kama namwona. Alisimama tu, uso umeelekea kidogo pembeni, kwenye ukuta wa Mwahija.

"Njoo, Baba Kabula," nikamwambia. "Njoo ndani."

"Wabeja," akasema, asante ya kwetu, akaanza kupapasa njia. Nilikwenda nikamshika.

Siku ile nilipofua shati lake nilikuta bahasha mfukoni. Ni yangu, mwandiko wangu, haijafunguliwa. Nikairudisha nilipoitoa. Niseme nilikuwa mwoga: sikumuuliza, naye hakunitajia, na kila nilipofua shati niliitoa, na kila alipovaa aliirudisha mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza nilimwongoza mpaka kwenye banda la mabati. Akasikia chungu, akasikia watu wanataja siku zao, akapewa kata akainusa. Kisha akanigeukia.

"Kilabu chenyewe ndicho hiki?"

"Ndicho," nikasema.

"Kumbe." Zamu yake ilipofika akasema, "Hamsini na nane," na wakaitikia, "Eee!" mpaka mabati yakalia. Nilitoka nje nikashika ukuta wa ghala. Afadhali angenitukana. Mimi ningejua la kufanya na matusi.

Hajaikosa Jumamosi hata moja. Mkono mmoja fimbo, mkono mmoja bega langu, na wapita njia wakituuliza tunakwenda wapi anajibu, "Kilabu," nao wanacheka, naye anacheka nao. Mimi siwezi. Sokoni bado nina mdomo, mtu hawezi kubadilika mwili mzima, lakini wakianza kunichekea huwa nashtuka, naangalia nani ananisikiliza.

Mwaka jana, mwezi wa saba, alitaja siku mia tatu sitini na tano. Mzee Herman alitia sukari ya ziada. Tuliporudi nyumbani Jilala aliketi kwenye kigoda uani, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile bahasha. Pembe zimelika, imekuwa nyeusi ya jasho.

"Hii walinipa hospitali," akasema. "Wauguzi walitaka kunisomea, nikawakataza. Nilisema matusi ya mke wangu yasisomwe mbele za wageni. Nikasema nitaisubiri mpaka nijue naweza kuisikia bila kwenda kunywa. Leo naweza. Nisomee."

Niliifungua. Ilikuwa mistari miwili kwa kalamu ya risasi, mwandiko umelala kwa haraka.

Nikasoma: "Baba Kabula, kilabu nilichosema si cha pombe, nilikosea kusema. Njoo nyumbani, njoo leo, mlango uko wazi."

Kuku wa Mwahija waliingia wakatoka.

"Hakuna tusi?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja, Baba Kabula."

Akanyoosha mkono akaigusa karatasi, akapita kidole juu ya mistari, wa kwanza, kisha wa pili.

"Soma tena," akasema. "Pale pa njoo."